Papa Selestini Aliambiwa Afungue

Mwezi uliopita nilirudisha funguo, miwani ya kazi na koti jeupe lenye doa la grisi mfukoni. Nikapewa keki na saa ya ukutani. Mkuu wa idara alisema mimi ni mmoja wa familia. Familia hiyo iliniajiri kupitia wakala wa vibarua miaka yote, na kila mkataba ulipokwisha ilinitazama kama mgeni aliyekosea mlango. Basi, kuhusu vyeo na mishahara nimemaliza. Cheo changu kilikuwa kimoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mshahara ule hauna hadithi.

Ninaandika kwa sababu ya neno. Kwenye keki ile, mmoja wenu alidondosha kisu, na mwenzake akamwambia, "Wee, usiselestini hapa!" Mkacheka wote. Katika maabara yetu kuselestini ni kufungua kitu kwa uzembe, kuharibu kwa haraka zako mwenyewe. Wazungu na Wahindi wa maabara wanalisema kwa Kiingereza, ninyi mliotoka Dar, Bukavu na Mombasa mmelitia kwenye Kiswahili, na wengi wenu hamjui kwamba ni jina la mtu. Mtu huyo yu hai. Anakaa Albert Park, hapa Durban, ghorofa ya saba, kwenye jengo ambalo lifti yake inafanya kazi siku ikijisikia. Habari yake kwa Kiingereza imekwisha andikwa, na ni uongo. Mimi nilikuwepo.

Nitaanza mwanzo ili mjue ni nani anayesema.

Mimi Zuhura nilizaliwa Ujiji. Niliacha shule mapema kwa sababu mwalimu hakupenda maswali. Nilimuuliza kwa nini glasi ya baridi ikitiwa chai ya moto inapasuka, akaniambia nikachote maji. Nilichota, nikaweka ndoo mlangoni, nikaondoka. Tangu hapo nimeosha vyombo Mpanda, nimeuza mitumba Tunduma, nimeshona mashuka ya hospitali Lusaka, nimetengeneza simu Harare. Kila mahali nilikaa mpaka nikaielewa kazi inavyokwenda, halafu miguu ikaanza kuwasha. Mama yangu alisema nina siafu kwenye nyayo. Durban nilikuja kuiona tu, kisha nipite. Nikiwa bado sijaamua nipite kwenda wapi, nikapata kiti kwenye saluni ya kusuka, Albert Park.

Mmoja wa wateja wangu alikuwa Mama Grâce, mama wa Lubumbashi. Mumewe alikuja kumngoja. Wanaume wengine wakingoja wake zao hutazama televisheni au simu. Huyu alivuta stuli, akakaa, akatazama mikono yangu. Alikuwa mfupi, mpana, amevaa ovaroli safi kuliko mashati ya watu wengi.

"Dada," alisema, "ule mustari unakata kwa kichwa ya bibi yangu, uko droit kabisa, umenyooka. Hauvae miwani?"

"Sivai."

"Na mukono haitetemeke?"

"Ikitetemeka mkeo atapiga kelele, utasikia mwenyewe."

"Bon. Kwetu kazi iko. Kazi ya kushika vitu muntu haione."

Mama Grâce alicheka, kichwa kikiwa chini ya kitana changu. "Usimusikilize, dada. Huyu kazi yake ni kufinya hewa."

"Kufinya hewa vipi?" niliuliza, na hapo ndipo nilipokwisha.

Mume huyo ndiye Papa Selestini. Kwao alikuwa fundi wa mashine kwenye karakana ya mgodi. Durban alianzia viwandani Pinetown, akichonga vyuma, mpaka profesa mmoja wa chuo kilicho upande wa Glenwood alipotafuta mtu wa kumchongea vifaa ambavyo havikuwa vikiuzwa popote. Profesa huyo nitamwita Profesa tu. Ni mwanamke, mwembamba, mwenye akili kama wembe. Msidhani nitamchora mjinga. Yote ninayoyajua kuhusu gesi na molekuli amenifundisha yeye, bila kuchoka, na hakuwahi kuniambia nikachote maji. Ndiyo maana hasira yangu kwake haijapoa.

Siku yangu ya kwanza, maabara ilikuwa chini ya ardhi, harufu ya mafuta ya mashine na ya chuma kilichokatwa. Papa aliniwekea mkononi kitu kizito cha duara, kinachotosha kiganjani, chenye skrubu nne. Ndani yake mna almasi mbili zinazotazamana ncha kwa ncha. Ncha zake zimekatwa bapa. Almasi hizo ni fuawe, kama zile za mhunzi, ila ndogo. Katikati yake unaweka kibati chembamba chenye tundu, na tundu lenyewe halizidi unene wa unywele mmoja au nywele mbili. Kwenye tundu hilo unatia gesi na kipunje cha rubi, kile kito chekundu. Unakaza skrubu. Rubi ikimulikwa kwa leza inang'aa, na rangi ya mng'ao wake inakuambia presha imefika wapi.

Kazi yangu ilikuwa kutia kile kipunje cha rubi. Kifaa chake hakiuzwi. Unachukua kijiti cha kuchokolea meno, unagandisha kope moja kwenye ncha yake, na kwa kope hiyo unabeba rubi chini ya hadubini. Kope za nani? Zako. Wanafunzi wa kiume walikuwa wakija kuniomba zangu, eti zao ni ngumu. Siku ile ya kwanza nilikibeba kipunje vizuri mpaka ukingoni mwa tundu, nikafurahi, nikapumua. Kikapotea. Tulikitafuta mezani, kwenye mkono wa koti, kwenye nyusi zangu.

"Kosa haikuwa mukono," Papa alisema. "Kosa ilikuwa furaha. Funga kwanza, kisha furahia."

Haya ni mambo ya kazi, yashikeni. Skrubu hazikazwi moja baada ya nyingine kwa kufuatana. Zinakazwa kwa kukingamana, robo mzunguko, kisha unaacha chuma kipumue. Kifaa kilichojazwa haidrojeni hakiachwi kikingoja mpaka mtu arudi likizo, kwa sababu haidrojeni hupenya kwenye almasi taratibu, na asubuhi moja unakuta vumbi la bei mbaya. Na tundu likianza kuwa na umbo la yai, simama. Limekwisha kukuambia linataka kutoka.

Nilichokiona mimi kwanza kilikuwa oksijeni. Hii hii tunayovuta. Profesa aliniita kwenye hadubini, akakaza kidogo, nikaona tundu limejaa barafu yenye ubuluu hafifu, ingawa chumba kilikuwa cha joto na Papa alikuwa anajipepea kwa faili. Akakaza tena, ikawa ya rangi ya chungwa. Akakaza tena, ikawa nyekundu, nyekundu ya kweli. Hakuna rangi iliyotiwa. Hakuna moto. Ni kubanwa tu. Nilimuuliza Profesa maswali mpaka akaahirisha chakula chake cha mchana. Jioni ile nilijua siafu wamelala. Sikuhama tena.

Na kuhusu molekuli kushikana, aliyenieleza vizuri ni Papa, kwenye lifti ya jengo lao. Tulikuwa tumebanwa humo na watu na mizigo ya sokoni, hata mkono huwezi kuuinua.

"Ona," alisema. "Kila mutu ameingia anashika mufuko yake. Ni ya kwake, hawezi kuachilia. Sasa watu wakizidi, wakizidi tena, utafanya nini? Utaachilia mufuko, utashika mutu wa pembeni. Si kwa kupenda. Nafasi imeisha. Hewa na yenyewe ni vile."

Mama mmoja mwenye ndizi akasema, "Basi wewe baba, usinishike mimi."

Lifti nzima ilicheka, lakini nimewasikia wasomi wakieleza jambo hilo hilo kwa ubao mzima, na halikuwa na tofauti kubwa.

Gesi tuliyoifanyia kazi zaidi ilikuwa kaboni monoksidi. Mnaijua, hata kama hamjui jina lake. Ni ile ya jiko la mkaa linaloingizwa ndani wakati wa baridi, madirisha yakafungwa, na asubuhi watu hawaamki. Molekuli yake ni ndogo, kaboni moja na oksijeni moja, zimeshikana kwa nguvu kupita karibu molekuli zote. Ukiibana kupita kiasi, inaachia ule mshiko wake na kushika majirani. Gesi inakuwa kitu kigumu, cha mnyororo, ambacho hukaa hata ukiilegeza presha. Hilo ndilo Profesa alilolitaka: kipande kinachotoka nje, kinachowekwa mezani, kisicho punje ya ndani ya almasi tu.

Kwa hiyo Papa alichonga presi kubwa, yenye fuawe za karbaidi, chuma kigumu ambacho hakikwaruziki kwa tupa. Gesi tuliipoza kwanza kwa naitrojeni ya maji ile inayofuka, ikawa kimiminika, tukaitia kwenye kidonge cha chuma, tukabana. Kilichotoka kilikuwa na ukubwa wa punje ya dengu, na mara zote cheusi, yaani kimeungua; kilicho kizima kinapitisha mwanga.

Lakini kitu hicho kina hasira. Molekuli zake zimelazimishwa kukaa ambapo hazikutaka, na ile nguvu yote bado imo. Mwanga mkali unaweza kukiwasha. Na unyevu nao unakiamsha. Ukikifungua kwenye hewa mbichi kinaanza kunywa maji, kinafura, kinatoa gesi, na kikiwa bado kimebanwa nusu ndani ya chuma, kinapasuka. Basi fikirieni Durban. Fikirieni Februari, wakati nguo zinakaa kwenye kamba siku nzima na zinatoka na harufu ya mbwa.

Ndiyo maana kulikuwa na kabati. Ni lile sanduku kubwa la kioo kinene, ambamo presi iliingizwa kabla ya kufunguliwa, lenye glavu ndefu zilizoshikamana na ukuta wake, unaingiza mikono ukiwa nje. Ndani yake hewa ilikaushwa kwa mashine, na kwenye kikombe kulikuwa na chembe za buluu ambazo hugeuka pinki zikinywa unyevu. Buluu, fanya kazi. Pinki, nenda ukanywe chai.

Na kulikuwa na desturi. Profesa na Papa waliitunga pamoja kabla sijafika. Kabla ya kufungua presi, anayefungua anauliza kwa sauti na anayesimama naye anajibu. Papa aliuliza kwa Kiswahili kwa sababu alisema mtu akiogopa anarudi kwenye lugha yake.

"Hewa?"

"Kavu."

"Kioo?"

"Kimefungwa."

"Mikono?"

"Miwili tu."

Hapo ndipo anafungua. Jibu moja likikosekana, hafungui, hata kama dekani amesimama mlangoni. Profesa alijifunza majibu hayo, na alipokuwa yeye ndiye anayesimama naye, aliyajibu kwa Kiswahili. Lafudhi yake ilituchekesha, lakini aliyajibu. Hayo ndiyo maneno ya Kiswahili pekee aliyokuwa nayo. Nawaomba mkumbuke hilo mnaposoma sehemu inayofuata, maana mimi siwezi kulisahau.

Mashine ya kukaushia hewa iliharibika mwanzoni mwa msimu wa joto. Papa aliifungua, akakuta pampu imekufa kabisa. Tuliomba nyingine. Tukaambiwa ombi lipo kwenye mfumo. Sijawahi kuuona mfumo huo, lakini nimewahi kuona vitu vikiingia humo na havitoki. Chembe zikageuka pinki, zikakaa pinki. Tukaacha kufungua presi. Tuliendelea na almasi, ambazo hazina hatari hiyo kwa kuwa kilichomo ni kidogo mno.

Kisha ikatangazwa kwamba wageni wanakuja, watu wa ng'ambo wanaotoa ufadhili, na Profesa alikuwa amewaandikia kwamba kipande kipo. Kipo kweli, kilikuwa ndani ya presi tangu kabla ya pampu kufa. Kilikuwa hakijafunguliwa tu.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha na jua limetoka juu yake. Kuta za maabara zilitoka jasho. Profesa aliingia akiwa amevaa suti ambayo sikuwahi kuiona.

"Papa," alisema kwa Kiingereza, "tutafungua nje ya kabati. Chini ya feni ya kufyonza. Ni suala la kufungua na kuhamisha haraka. Wageni wako kwenye korido."

"Prof, hewa ni mbaya leo," Papa alimjibu kwa Kiingereza chake. "Tazama chembe."

"Naziona."

"Zina rangi ya pinki."

"Papa, nazijua rangi. Tafadhali."

Alisema tafadhali. Nimeisikia tafadhali hiyo mara nyingi tangu hapo, kichwani mwangu. Papa alivaa miwani. Ngao ya uso hatukuwa nayo, kwa sababu kioo cha kabati ndicho kilikuwa ngao yetu na hakuna aliyewahi kufungua nje yake. Mimi nilishika taa ya mwanga hafifu, upande wa pili wa presi. Papa akashika ufunguo, akainama, akauliza kama kawaida yake.

"Hewa?"

"Mbaya," nilisema.

Akaganda. Hakuinua kichwa. Akauliza tena, "Hewa?"

Na Profesa, aliyekuwa nyuma yake, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango wa korido, akajibu kwa Kiswahili: "Kavu."

Papa alifungua.

Haukuwa mlipuko wa sinema. Ulikuwa mlio mfupi, kama sahani inayoangukia saruji. Kipande cha karbaidi, kidogo kuliko ukucha wa mtoto, kiliingia chini ya ukingo wa miwani yake, jicho la kulia. Alikaa chini taratibu, kama mtu anayetafuta stuli, akasema, "Zuhura, zima presi." Mtu amepoteza jicho, anafikiria presi. Niliizima. Wageni walipelekwa kwenye chumba cha chai.

Pampu mpya ilifika Papa akiwa bado na bandeji. Ilitoka kwenye mfumo kwa kasi ambayo ingemfurahisha hata mwanariadha.

Baadaye kikao kiliitwa. Meza ndefu, maji ya chupa, sandwichi zilizokatwa pembetatu. Swali lilikuwa moja: kwa nini presi ilifunguliwa nje ya kabati? Niliulizwa kwanza. Nilisema yote niliyowaandikia hapa. Nilisema mimi nilijibu mbaya, na Profesa alijibu kavu. Mwenyekiti akauliza "kavu" maana yake nini. Nikamwambia. Akamtazama Profesa. Profesa akatazama mikono yake, akasema hakumbuki vizuri mfuatano wa mazungumzo. Mwanamke anayekumbuka mistari ya rangi ya rubi kwa tarakimu hakukumbuka neno moja kati ya maneno machache anayoyajua ya lugha yetu.

Nikasema moyoni, haidhuru, Papa mwenyewe yupo. Papa akaulizwa. Alikuwa amevaa suti ya kanisani, bandeji nyeupe usoni.

"Nilifungua mimi," alisema. "Hakuna aliyeniambia."

Nilidhani sikusikia. Mwenyekiti aliandika, akasema asante, akanitazama kwa huruma, ile huruma ya kumtazama mwongo mwenye nia nzuri. Nje, kwenye ngazi, nilimshika Papa mkono wa ovaroli, kwa mazoea, ingawa siku ile ulikuwa mkono wa suti.

"Umefanya nini wewe? Umefanya nini?"

"Dada, acha."

"Siachi! Mimi nimesema ukweli mbele ya watu, wewe umenifanya chizi!"

"Wameniita jana," alisema. "Wamesema nikibeba hii kitu mimi, contract inaendelea. Nikisema Prof, kesi itakuwa ya muda murefu, na mimi nakaa nyumbani nangoja. Mutoto Grâce iko matric mwaka huu, anamaliza sekondari. Fundi wa jicho moja, nani atamuchukua Pinetown? Sema wewe. Nani?"

Nilikuwa na hasira tu, na sikujua niiweke wapi. Nilimkasirikia yeye kwa kuuza jina lake kwa bei hiyo, na waliomwekea bei nikawakasirikia zaidi. Sikumsemesha kwa wiki kadhaa. Tulikuwa tukikaza skrubu kimya kimya kama mume na mke waliogombana.

Alikuwa amerudi kazini, kama walivyomwahidi. Mtu wa jicho moja hapimi umbali vizuri, kwa hiyo alipochonga, mimi nilisimama pembeni nikisema "bado, bado, hapo." Aliponiomba radhi kwa kunisumbua, nilimwambia afunge mdomo.

Ninachotaka mjue hasa ni hiki. Kila mwaka wanafunzi wapya walipoanza, walipewa somo la usalama kwenye chumba kile cha picha. Mnalikumbuka, mlikuwepo. Picha ya fuawe iliyovunjika, na chini yake maneno kwamba fundi alifungua kwa hiari yake bila kufuata utaratibu. Mnajua aliyekuwa akizima taa za chumba ili picha ionekane? Papa Selestini. Wengi wenu mlimjua kwa jina la Papa tu. Ilikuwa kazi yake, swichi ilikuwa karibu na karakana. Alizima taa, akasimama gizani, akasikiliza habari zake, akawasha taa. Miaka mingi. Wakati neno kuselestini lilipozaliwa alikuwa mle chumbani. Alicheka nanyi. Nilimwona.

Profesa alipata kipande chake, kwenye kabati lililokauka, na kikaandikwa kwenye majarida. Ni kazi nzuri, siwezi kusema si nzuri. Alistaafu kabla yangu. Siku ya kuaga alinijia, akataka kunikumbatia. Nikampa mkono. Akaushika mkono huo, akasema, "Zuhura, kuna mambo ambayo ningeyafanya tofauti." Nikamwambia, "Mwambie Papa, anakaa karibu na hapa." Hakwenda. Labda ataenda. Ghorofa ya saba si mbali.

Papa naye aliachishwa muda mfupi baadaye, mkataba haukuendelea tena. Grâce alikuwa ameshamaliza chuo, anafundisha, kwa hiyo hakulalamika. Mimi nililalamika kwa niaba yake, kwa sauti, kwenye ofisi iliyoniambia kwamba mimi si mwajiriwa wao.

Wiki iliyopita nilipanda kwa ngazi hadi kwake. Mama Grâce alinipa sombe, kisamvu cha kwao, na samaki, akaniambia nywele zangu mwenyewe sasa zinahitaji fundi. Nilimwambia Papa kwamba nataka kuandika, kwa ajili yenu, jinsi ilivyokuwa. Nilidhani atakataa.

"Andika," alisema. "Grâce amemaliza, mimi sina tena kitu ya kuficha. Lakini uandike yote. Uandike kama nilidanganya kwa kikao."

"Nitaandika walikulazimisha."

"Andika nilidanganya. Halafu andika na hii nyingine." Alisogeza sahani. "Siku ile nilisikia wewe unasema mbaya. Nilisikia Prof anasema kavu. Masikio yangu ilikuwa mawili, mazima. Mimi nilichagua."

"Alikuwa bosi wako. Alikuamuru."

"Aliniamuru, ndiyo. Na ningekataa, angefanya nini? Angekasirika. Ameshakasirika mara ngapi?" Akatikisa kichwa. "Dada, ile presi nilichonga mimi. Kila chuma. Ile kitu ilikuwa ndani, miezi, na mimi nalala naiwaza. Yeye alitaka kuonyesha wageni. Mimi nilitaka kuona."

Nilikasirika upya, hapo hapo kwenye kochi lake. Nilimwambia hilo halimsafishi mtu yeyote, kwamba kila mmoja pale chini alitaka kuona, na ndiyo maana desturi ilitungwa, ili mwenye kutaka asijijibu mwenyewe. Nikamwambia bado aliambiwa afungue, na aliyemwambia alijua rangi ya chembe. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Mama Grâce alikuwa amepunguza redio.

"Umemaliza?" Papa aliuliza.

"Nimemaliza."

"Wewe ulikuwa na taa. Upande wa mbele." Aliligeuza kwangu lile jicho lake moja. "Mimi sikuona kitu. Niliona ufunguo, halafu basi. Wakati mufuniko uliinuka, wewe uliona?"

Miaka yote hiyo hakuwahi kuniuliza, na mimi sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nimekaa na hasira mpaka nikasahau kwamba kulikuwa na jambo jingine la kukaa nalo.

"Niliona," nilisema. "Kidogo tu, kabla ya ule mlio."

"Ilikuwa rangi gani?"

"Njano katikati. Kama asali ambayo haijakomaa. Pembeni ilikuwa inaelekea nyekundu, kama mawese ukiyainua kwenye chupa."

"Nyeusi hakuna?"

"Hakuna nyeusi. Mwanga wa taa uliingia upande wangu ukatokea upande wako."

"Mwanga ilipita ndani?"

"Ulipita."

Akaegemea kochi, akafumba lile jicho.

"Rudia," alisema. "Polepole."

Nikarudia.